Ufagio wa Bi Sihaba katika Duka la Shaba

"Bei muulize mshika ufagio."

Ndivyo alivyosema jirani yetu, Mama Ngereza, asubuhi hii alipomwona mjukuu wangu Rehani amerudi kutoka Mombasa na viatu vya bei ya ng'ombe, ambavyo soli zake zilikuwa zimekwisha kubanduka kabla hajafika mpakani Horohoro. Rehani akanuna. Dada yake Zawena akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha wakanijia wote wawili: "Babu, ufagio na bei, wapi na wapi?"

Kaeni basi. Msemo huu una mwenyewe, na mwenyewe ni shangazi yangu, dada yake baba. Chanzo chake ni sufuria. Nitawasimulia kama ilivyokuwa, na mkiona nimetia chumvi, jueni nimetia ile ya kufanya chakula kilike tu.

Shangazi yangu, Bi Sihaba, alikuwa mkuu wa wapishi wa harusi hapa Korogwe. Walikuwa akina mama kumi na wanne, na kikundi chao kiliitwa Tusiaibike. Pilau yao ilikuwa ikinukia mpaka Mombo, na mabasi ya Arusha yakifika pale yalipunguza mwendo yenyewe, dereva hajakanyaga breki. Usinitazame hivyo, Zawena. Muulize yeyote aliyekuwa na pua wakati ule.

Sasa siku moja, katikati ya harusi ya watu, sufuria lao kubwa likatoboka. Mchuzi ukamwagika, ukazima moto, na wageni mia mbili wakala mikate na soda. Kuanzia hapo watu wakaacha kuwaita Tusiaibike, wakawaita Tumeaibika.

Mzee Kilua alikuwa anamwoza binti yake mwezi uliofuata. Akamwita shangazi, akamwambia waziwazi: "Bi Sihaba, nakupa nafasi moja kwa sababu ya udugu. Njoo na sufuria lisilotoboka. Vinginevyo nawaita wapishi wa Muheza."

Wapishi wa Muheza! Kwa mwanamke wa Korogwe, hilo lilikuwa tusi la kuandikia barua. Na akina mama kumi na wanne walijua kwamba wakiikosa harusi ile, hakuna atakayewaita tena hata kuchemsha maji. Wakachangishana wakapata dola mia tatu, shangazi akazifunga kwenye pindo la kanga.

Alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa nguo, Bi Nuru, aliyekuwa akienda Istanbul mara tatu kwa mwaka. Akasema kule Uturuki kuna mtaa mzima wa mafundi wa shaba, wanaofua masufuria ya kurithisha wajukuu. Akajitolea kumlipia shangazi tiketi, kwa sharti kwamba sehemu ya shangazi ya mizigo itakuwa ya magauni ya Nuru. Wakakubaliana. Shangazi, ambaye safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa Lushoto kuhani msiba, akapanda ndege.

Walipofika, Nuru akamfikisha mwanzo wa ule mtaa wa shaba na kumwachia maneno matatu. "Bi mkubwa, huku bei haisemwi, inapiganiwa. Akitaja ya kwanza, cheka. Akitaja ya pili, shika kichwa. Akitaja ya tatu, ondoka."

"Kucheka, kushika kichwa, kuondoka," shangazi akarudia. "Kama kwenye msiba wa mtu usiyempenda."

Mjue kwamba sisi sokoni kwetu wakati ule hatukushindana bei. Fungu la nyanya lilikuwa fungu la nyanya. Unalipa kilichotajwa, kisha unasema, "Nyongeza, mwanangu," unatupiwa mbili zaidi, mnaagana kwa wema. Kumwambia mtu usoni kwamba mali yake haifikii bei aliyoitaja, hayo shangazi hakuyajua.

Duka aliloingia lilikuwa la bwana mmoja aitwaye Rifati, mwenye masharubu mazuri na Kiswahili alichookota kwa wateja wa Kariakoo. "Karibu mama! Bei poa! Kaa, kaa, chai!" Akaleta chai katika kigilasi chenye kiuno chembamba kuliko cha Zawena. Na pale nyuma yake, juu ya kigoda, lilikuwapo sufuria lenyewe. Shaba tupu, jekundu kama jua la saa kumi na mbili asubuhi, na lingeweza kupika ng'ombe mzima akiwa amesimama.

"Unapenda, mama?"

"Zuri mno, mwanangu! Sijapata kuona!"

Rifati akabonyeza mashine yake ya hesabu, akamwonyesha: dola mia saba.

Ingekuwa ninyi, mngeendelea kunywa huku mnabishana. Shangazi hakuweza. Kwetu ukishakula cha mtu, wewe ni mgeni wake, na mgeni hamwambii mwenyeji kwamba vyombo vyake ni ghali. Akakumbuka kucheka. Lakini kwa haya aliyokuwa nayo, kicheko kikatoka kama cha furaha. Rifati naye akacheka, akammiminia glasi ya pili.

Walipokutana hotelini, Nuru akamuuliza, "Ulishika kichwa?"

"Nilishika glasi."

Siku ya pili akaonywa asinywe chai kabisa. Akaenda akakuta chai ipo tayari, pamoja na mikate ya mviringo iliyopakwa ufuta. Watoto wawili wa Rifati wakaja na chakula cha baba yao, wakamwamkia kwa kumbusu mkono. Rifati akasema, "Wewe sasa mama yangu. Mia sita na hamsini." Haya, mtu akishakuita mama, utampunja mwanao? Shangazi akashukuru, akamwombea dua, akarudi mikono mitupu.

"Nenda duka lingine!" Nuru akamfokea.

"Nimekunywa chai yake siku mbili, nimekula mkate wake, nikanunue kwa jirani yake? Watanionaje?"

"Bi Sihaba, kesho kutwa alfajiri tunapanda ndege."

Ikaja siku ya tatu. Shangazi akaenda akiwa mzito, maana alijua hesabu haitoshi na ulimi haumtii. Lakini jambo lingine lilikuwa linamkera zaidi ya bei. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndivyo alivyolelewa. Na hii ilikuwa ya tatu, na Rifati, kwa adabu zake, hakuonyesha dalili ya kumpa jembe. Akatazama huku na huku. Jembe halikuwapo. Lakini nyuma ya mlango kulikuwa na ufagio.

Akajifunga kanga kiunoni, akaanza kufagia.

Rifati akaruka. "Mama, hapana! Hapana! Wewe mteja!"

"Mimi mgeni," shangazi akasema. "Inua mguu."

Rifati akainua mguu.

Akafagia lile duka kama anafagia ua siku ya Idi. Alipomaliza sakafu akaomba ndimu na chumvi, akaanza kusugua vyombo kimoja kimoja. Nawaambia, lile duka liling'aa hata wenye duka la mkabala wakafunga mapazia, wakidhani ni saa sita mchana. Watu wakaanza kuingia kutazama, na Rifati, kwa kuwa biashara ilichangamka, akaacha kumkataza.

Hapo ndipo akaingia mama mmoja wa mtaa ule ule, mwenye kikapu cha mboga. Shangazi akashangaa. Rifati hakusema "chai". Hakusema "mama yangu". Yule mwanamke hakusifu kitu. Akachukua kisufuria kidogo, akakigonga kwa kidole, akakigeuza kitako juu, akasonya. Kisha akamwonyesha Rifati kona ya duka.

Kwenye kona ile palikuwa na gunia, ambalo shangazi alikuwa amekwisha kulisogeza ili afagie chini yake. Alikuwa amekuta mizani, akaipangusa vumbi, akairudisha, hakuifikiria tena. Rifati akaitoa. Kisufuria kikawekwa juu yake. Kilo tatu. Mashine ya hesabu ikabonyezwa, mama yule akalipa, akaondoka bila hata kuketi.

Shangazi alikuwa amesimama na ufagio nyuma ya meza, na kwa kuwa mwenye ufagio haonekani, aliona kila tarakimu. Zilikuwa lira, lakini Nuru alikuwa amemfundisha kuzigeuza dola tangu uwanja wa ndege. Akageuza kwa vidole vya mikono, akahakikisha kwa vya miguu. Dola thelathini na tatu. Yaani kilo moja, dola kumi na moja.

Kumbe shaba huuzwa kwa kilo! Siku mbili ameonyeshwa mng'ao, na watu wa pale wanaonyeshwa mizani.

Akauegemeza ufagio mahali pake. Akanawa mikono. Akafunga kanga vizuri, akatoka nje ya duka, akasimama kizingitini.

"Hodi!"

Rifati akakodoa macho. "Mama, hodi ya nini? Ingia. Chai..."

"Chai baadaye. Yule aliyekuwa humu alikuwa mgeni wako. Ameondoka, anakushukuru sana, anasema umelelewa vizuri. Mimi ni mnunuzi. Mimi na wewe hatujuani."

Rifati akageuka nyuma kumtafuta huyo aliyeondoka.

"Lile sufuria kubwa bei gani?"

"Kwa mama yangu, mia sita."

"Mama yako yuko kwake. Lete mizani."

"Mizani gani, mama?"

"Iliyo chini ya gunia, kona ya kushoto. Vumbi lake nimelitoa mwenyewe."

Masharubu ya Rifati yakashuka. Akaileta ile mizani polepole, kama mtu anayeleta ushahidi dhidi yake mwenyewe. Sufuria likapandishwa. Kilo ishirini na tano.

"Dola mia mbili sabini na tano," shangazi akasema kabla mashine haijabonyezwa. Rifati akabonyeza. Ikasema vilevile.

"Mama! Hiyo bei ya watu wa hapa! Watoto wangu watakula nini?"

"Wanao nimewaona jana. Mashavu kama maandazi. Hao hawana njaa."

"Kodi ya duka, je?"

"Duka lenyewe lina vumbi la miaka mitatu. Mwenye nyumba angekulipa wewe."

"Mama, mama! Basi mia tatu. Hapo umenichinja."

Hapo, wajukuu, shangazi akalishika pindo la kanga. Mia tatu ndiyo aliyokuwa nayo pindoni, kamili. Angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha. Lakini mizani ilikuwa mbele yake, na mizani haikuwa imesema mia tatu. Akashika kichwa. Kisha akacheka, na safari hii kikatoka kicheko chenyewe. Kisha akageuka, akaanza kuondoka. Aliyafuata mafunzo ya Nuru kwa mpangilio mbovu, lakini aliyamaliza yote.

Alivyotusimulia mwenyewe, kutoka mezani hadi mlangoni zilikuwa hatua saba, na kila hatua alimwona mpishi wa Muheza akipakua pilau kwa Mzee Kilua. Rifati akiita, sawa. Asipoita, kesho alfajiri ni ndege na mikono mitupu. Hatua ya tano, kimya. Ya sita, kimya. Mguu wa saba ulikuwa umekwisha kuinuka hewani.

"Mia mbili sabini na tano! Rudi, mama!"

Akarudi. Akafungua pindo, akalipa. Halafu akabaki amesimama.

"Nini tena?" Rifati akauliza.

"Nyongeza, mwanangu."

Neno hilo watu wa Kariakoo hawakuwa wamemfundisha. Shangazi akamfafanulia kwa kidole: ule mfuniko pale juu. Rifati akautazama mfuniko, akamtazama shangazi, akautazama ufagio nyuma ya mlango. Akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Akaushusha mfuniko kwa mikono yake.

"Mama, usiende Afrika," akasema akifuta machozi. "Kaa hapa. Duka nusu lako."

"Nina harusi," shangazi akasema. "Sasa lete ile chai."

Akanywa glasi tano, na kila moja ilikuwa tamu kuliko mwenzake, maana sasa alikuwa anakunywa bila deni la haya.

Sufuria lilikujaje? Nuru alilijaza magauni mpaka juu, akalifunika kwa mfuniko, akalizungushia kamba, na uwanja wa ndege akaapa kwamba ni sanduku. Likapita.

Harusi ya Mzee Kilua ikapikwa na Tusiaibike. Watu wakala, wakarudia, wakafunga na vya nyumbani. Mzee Kilua mwenyewe akaja jikoni kulipapasa lile sufuria kama mtu anayempapasa fahali mnadani. Pamoja naye alikuja mgeni wake, Bwana Mahimbo, tajiri wa Tanga mjini, kanzu inanukia udi.

"Hee, Istanbul hili!" akasema Bwana Mahimbo. "Mimi ninalo kama hili, langu dogo kidogo. Nililinunua dola mia nane. Lakini walinipokea, acha kabisa! Kiti chenye mto, chai glasi sita, wananiita baba. Walinipokea kama mfalme. Ninyi mlilipata kwa ngapi?"

"Mia mbili sabini na tano," shangazi akajibu, mwiko mkononi. "Pamoja na mfuniko."

Bwana Mahimbo akalitazama sufuria, akalitazama tena. "Haiwezekani. Uliijuaje bei hiyo?"

"Wewe ulikaa kwenye mto, baba. Aliyekaa kwenye mto ataonyeshwa mizani na nani?" Akakomba wali uliobaki, akalifunika sufuria. "Mfalme haijui bei. Bei muulize mshika ufagio."

Wale akina mama kumi na watatu wengine wakapiga vigelegele hata bibi harusi akatoka nje akidhani ameitwa. Bwana Mahimbo, naye alikuwa mtu mzima mwenye moyo mkunjufu, akacheka kuliko wote, akauomba ufagio, akafagia pale mbele ya meko akiwa na kanzu yake ile ile, akisema anaanza masomo. Na ndiye aliyeupeleka msemo huo Tanga mjini, na kutoka Tanga ukaenda ulikokwenda, mpaka leo umefika kwa Mama Ngereza.

Kwa hiyo, Rehani, hakukutukana. Alikuwa anakwambia kwamba ukiwa ugenini, anayekusifu na kukuketisha hatakwambia kitu kinauzwaje. Atakwambia yule anayeinama na kuona kilicho chini ya gunia. Na kama humwoni wa kumuuliza, basi inama mwenyewe. Bei muulize mshika ufagio.