Mlango wa Masizi

Kaeni vizuri, wenye masikio. Mwenye usingizi amwazime jirani sikio lake.

Zimwi lilimfungia Sikudhani, binti mchoraji, pamoja na mama yake katika nyumba isiyo na mlango, kuta zake nyeusi kwa masizi. Likakaa nao humo ndani, likasema, "Chora mlango. Ukionekana, utafunguka. Ukishindwa mara tatu, nawatafuna."

Sikudhani akachora kwa mkaa, kama mama alivyomfundisha. Weusi ukamezwa na weusi. Akachora kwa majivu. Zimwi likatoa ulimi, likayalamba yote.

"Bado moja, binti! Mama yako nimle kwa chumvi au hivi hivi?"

"Kula njaa yako!" akajibu Sikudhani. Akachukua bonge la ugali wa jana, akalibandika ukutani, akalibandua. Masizi yakatoka nalo, pakabaki peupe.

"Mwanangu," mama akashangaa, "unafuta nini, na hujachora kitu?"

"Nachora kwa kufuta, mama. Sijawahi, ila leo ndiyo leo."

Akabandika, akabandua, akabandika, akabandua. Mstari ukaenda upogo, hakujali. Zimwi likakimbilia kulamba. Likilamba, masizi yanatoka. Likilamba, weupe unazidi. Likilamba, mlango unapanuka, hata ukafunguka, jua likaingia.

Mama na mwana wakatoka. Zimwi, tumbo limevimba kwa masizi, likakwama mlangoni.

"Rudi!" likafoka. "Mlango hauchorwi hivyo!"

"Mimi nachora hivi," akasema Sikudhani, wala hakugeuka.

Ngano yangu imepita hapo. Mwenye moyo naye apite.