Pimbi Aliyefuata Jua

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma hamkuitika. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale palikuwa na pimbi mmoja, jina lake Sikudhani. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene, mkia hana, anaishi kwenye nyufa za majabali. Damu yake nzito. Asubuhi hachangamki mpaka jua limpige mgongoni. Hata akienda kuposa, pimbi huuliza kwanza: kwenu jua linaingia mapema?

Sikudhani alikuwa na mume, Makame, hodari wa kula, hodari wa kulala, na uhodari wake ukaishia hapo. Walikuwa na watoto pacha, Kombo na Vumilia. Masika moja mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Radi ikapiga. Pwaaa! Jabali lao likapasuka, nyumba ikawa kifusi.

"Mume wangu, watoto tutawalelea wapi?"

"Utakapopachagua wewe, mke wangu," akajibu Makame, majani tele mdomoni.

Mbele yao palikuwa na miji miwili jirani, bonde jembamba katikati. Huku Jabali la Mawio, linalotazama jua likichomoza. Kule Jabali la Machweo, linalokaa kivulini mpaka adhuhuri. Na juu ya yote mawili alizunguka Tai. Masika yaliyopita Tai huyo alimnyakua kifunguamimba wa Sikudhani, mama mtu akitazama. Kwa hiyo Sikudhani hakutafuta nyumba tu. Alitafuta mahali ambapo pacha wake watafika ukubwani.

Akaenda Mawio kwanza, mume na watoto nyuma yake.

"Hodi!"

"Karibu, bibie!" Aliyeitika ni Bwana Kitwana, mkuu wa mtaa, amejilaza juu ya jiwe lake.

Loo! Sikudhani hakuwahi kuona jua la namna ile. Lilimwagika jabali zima, jekundu, kisha manjano, kisha jeupe la kuumiza macho. Kila pimbi na jiwe lake, kila jiwe na tundu lake, na wote wanaimba:

Toka jua, toka jua,
mgongo wangu wakungoja!

Machozi yakamlengalenga kwa uzuri ule.

"Hapa, bibie, kila mtu na lake," akasema Bwana Kitwana. "Hakuna wa kukuuliza, hakuna wa kukusogelea. Jiwe lako, tundu lako, jua lako."

"Ndipo hapa," akasema Makame, na kabla hajamaliza akaanza kukoroma.

Lakini kuuliza si ujinga. Kesho yake asubuhi Sikudhani akawatanguliza watoto, wakavuka bonde hadi Machweo.

Baridi! Meno yake yaligongana, tetetete. Hakuna aliyeota jua, maana jua lenyewe halikuwapo. Kwenye ufa mkubwa akaona lundo. Lundo la pimbi! Huyu juu ya yule, mguu huku, sikio kule, na lote linapanda na kushuka kwa pumzi moja.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu!" Kichwa cha bibi kizee kikachomoza katikati ya lundo. Huyo ndiye Bi Mwatime, mkubwa wao.

"Jua lenu liko wapi, bibi?"

"Huja mchana. Asubuhi tunapashana joto wenyewe. Ingieni, mtaganda hapo nje."

Sikudhani hajajibu, pacha wakazama lundoni. Chubwi! Chubwi!

"Wanangu wako wapi?"

"Wamo humu."

"Humu wapi?"

"Humu humu, mama. Jua likija wataonekana."

Akafukua. Akachomoa mtoto, si wake. Akachomoa mwingine, si wake. Alipowapata walikuwa wananukia maziwa ya watu, na wanalia kurudi. Hasira zikampanda. "Mji gani huu, mtoto hajulikani ni wa nani!" Akaondoka bila kuaga, na siku hiyo hiyo wakahamia Mawio.

Wakakaa. Asubuhi jua, asubuhi wimbo. Watoto wakanona. Sikudhani akajiona amepatia.

Asubuhi moja kivuli kikapita juu ya mawe. Vuuuuu! Tai! Wimbo ukakatika. Kila pimbi tunduni mwake. Pu! Pu! Pu! Makame ndani. Vumilia ndani. Kombo alikuwa chini kabisa ya mteremko, anafukuza panzi. Akakimbilia tundu la karibu.

"Mjomba, nifungulie!"

"Si hapa kwenu, mwanangu. Kwenu kule juu."

Akakimbilia la pili.

"Kwenu kule juu."

Kombo akalia. Mama yake akatoka mbio, lakini mteremko ulikuwa mrefu, na Tai ameshakunja mbawa anashuka.

Hapo, wenzangu, ndipo Sikudhani alipoona jambo ambalo hakulisahau mpaka kufa kwake. Ng'ambo ya bonde mlio ukapasuka: chwiii! chwiii! Lile lundo likamwagika. Si mmoja, si wawili. Mji mzima! Wazee, wajawazito, watoto wenye meno ya juzi, wakateremka wamebanana bega kwa bega, wanapiga kelele kwa koo moja. Pimbi, anayekimbia hata kivuli cha jani! Wakavuka bonde peupe, wakamvamia Kombo, wakamlalia, wakamfunika asionekane. Tai akapiga ukucha, ukazama mgongoni mwa Bi Mwatime. Lundo likamng'ata miguu, huyu huku, yule kule. Tai akapiga mayowe. Akapaa mikono mitupu.

Sikudhani akafika, akamfukua Kombo chini ya lundo, mzima. Wahenga husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ile fimbo za karibu zote zilijificha, ikafika ya ng'ambo.

"Bibi," akasema, "huyu si wenu. Mimi niliwatukana, nikaondoka. Mmekujia nini?"

Bi Mwatime alikuwa anahema, damu inamchuruzika. "Tumemsikia analia. Sauti yake tunaijua. Si alilala kwetu asubuhi moja?"

Asubuhi moja tu! Sikudhani akampigia magoti.

Bwana Kitwana akatoka polepole. "Pole, bibie," akasema, na uso ulikuwa umemshuka kweli. Watu wa Mawio hawakuwa wabaya. Jua liliwatosha, basi hawakujifunza kuhitajiana.

Siku ile ile wakahama. Makame ndiye aliyetangulia, na hakuna aliyemwamsha.

Kulipokucha Machweo, baridi ilikuwa ya kukata masikio. Sikudhani akasimama mbele ya lundo, haya zimemjaa.

"Naingilia wapi, bibi?"

"Popote, mwanangu."

Akaingia. Giza, joto, na mioyo. Mioyo mingi, du, du, du, inapiga juu yake na chini yake na ubavuni mwake. Akasikiliza autambue wake, asiutambue. Akastaajabu sana, usingizi ukamchukua.

Basi nanyi mnaotafuta pa kulea watoto, msitazame jua na majani tu. Tazameni ni nani atakayetoka mtoto akilia. Hadithi yangu imeishia hapo. Anayesikia baridi amsogelee mwenzake.