Shokapu Nne za Tunsume

Kesho yake Tunsume alikuwa ampeleke mdogo wake kanisani kufunga ndoa, na barabara ilikuwa makorongo matupu. Akabeba shokapu mpya nne za gari lake hadi kwa Fundi Mwakajila, mwenye gereji pekee mjini.

"Hukuzinunua kwangu, sizifungi ng'o!"

"Basi nafunga mwenyewe." Akalipiga gari jeki palepale mlangoni, akavua gurudumu, akaipachika shokapu kichwa chini.

"Umeigeuza, mama!"

"Ndivyo alivyonifundisha Fundi Sekiboko. Anasema wewe ndiye unayekosea."

"Sekiboko? Namjua sana yule, hata spana hajui kushika! Hebu sogea!" Akazifunga zote nne huku akifoka. "Haya, kamwonyeshe!"

Tunsume akawasha gari. "Nielekeze anakokaa, fundi. Mimi nilimtunga asubuhi nikichambua mchele."