Mistari ya Mkaa Chini ya Kihenge

Wahenga wetu hawakuwa watu wa kumbembeleza mtu. Walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, wakanyamaza, wala hawakutaja kama mtakaji huyo ni mtoto wa shule, padri au msomi wa chuo kikuu. Maana yake ni wazi: kilichoko chini hakifikiwi na aliyesimama wima, na anayekitaka lazima aiache raha yake, na mara nyingine aiache hata fahari yake. Scola binti Zenon aliijua methali hiyo tangu darasa la tatu. Aliiandikia insha na kupata alama nzuri, lakini kuielewa kulimchukua miaka mingine kumi na mitatu.

Mwaka 1999 Scola alikuwa anakaribia kumaliza shahada ya hisabati ya viumbe, masomo ambayo nyumbani kwao Kasense, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, hakuna aliyeweza kuyaeleza. Uuguzi waliujua. Ualimu waliujua hata kwa fimbo zake. Lakini hisabati ya viumbe?

"Yaani unahesabu wanyama?" aliuliza Masanja, jirani mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake.

"Natafuta kanuni ya namba, mzee Masanja. Nikijua wanavyozaliana na wanavyokufa, nitakuambia watakuwa wangapi miaka mitano ijayo."

"Wa kwangu waache. Kwetu ng'ombe hawatangazwi idadi barabarani."

Scola alicheka. Alijiamini sana, na sababu alikuwa nayo: katika darasa lao la watu tisa yeye alikuwa wa pili. Agosti hiyo alikuja likizo na kazi ya mwisho ya shahada yake, nayo ilikuwa kubashiri kwa hesabu jinsi dumuzi wanavyoongezeka ghalani. Dumuzi ni mdudu mdogo mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, lakini akipewa muda huyageuza mahindi kuwa vumbi.

Ghala alilochagua lilikuwa kihenge cha nyumbani kwao. Kilisukwa kwa fito, kikasimama juu ya nguzo fupi zilizofika magotini, na ndani yake mlikuwa na mahindi yaliyokuwa bado kwenye magunzi, chakula cha watu saba hadi mavuno mengine. Kila mwaka mwezi wa nane mama yake, Redempta, alisimamia upukuchuaji, mahindi yakachanganywa na dawa na kutiwa magunia. Zamani dawa hiyo waligawiwa na chama cha ushirika. Siku hizi, biashara ilipokwisha kuwa huria, kila mtu alijinunulia mjini. Mwaka huo Zenon alisema wasubiri.

"Tuna msomi ndani ya nyumba," alisema. "Namba zake zikisema tupukuchue, tutapukuchua."

Basi kila Jumamosi asubuhi Scola alipanda ngazi, akafunua kipaa cha nyasi, akatoa mahindi kumi ya juu, akayapukuchua kwenye ungo na kuhesabu dumuzi mmoja mmoja. Saa hiyo hiyo mama yake alikuwa chini, ameinama na ufagio mfupi, akifagia mvunguni mwa kihenge ambako kuku walipenda kuchakura.

"Scola, hebu njoo uone huku," mama aliita Jumamosi ya pili. "Unga unadondoka."

"Unga hudondoka kila mwaka, mama. Mimi napima wadudu. Na nguo hii nimeinunua juzi mnadani, nitaichafua."

Redempta alizoa unga wake, akaenda kuwapa kuku.

Wiki ya kwanza Scola alipata dumuzi wawili. Ya pili wawili, ya tatu watatu, ya nne wawili, ya tano watatu. Aliingiza namba hizo katika mlinganyo wake, na mlinganyo ukatulia kama uji uliopoa. Alimwambia baba yake kwamba hadi Krismasi mahindi hayatakuwa na tatizo. Zenon alijawa na furaha hata akatangaza kwenye sala ya jumuiya kwamba mwaka huu familia yake haipukuchui mapema, maana binti yake amelipima ghala kisayansi. Redempta alikuwa ameketi upande wa akina mama. Alitazama rozari yake.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba Scola alipanda ngazi akitarajia dumuzi watatu. Alihesabu thelathini na mmoja.

Alihesabu tena, wakawa wale wale. Siku mbili nzima alishinda mezani akitafuta mahali alipokosea kuzidisha au kugawanya, asipaone. Hesabu ilikuwa safi. Hofu ikamwingia kweli kweli: kama namba zimemdanganya, watu saba watakula nini kuanzia Januari? Na aliyewazuia wasipukuchue ni nani kama si yeye? Siku ya tatu aliiacha kalamu, akamfuata mama yake jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umeamka na uso huo?"

"Mama, wewe ulijuaje kwamba dumuzi wapo?"

"Mimi sijui hesabu zenu. Mimi nafagia." Redempta alisukuma kuni motoni. "Nenda kaitazame ile nguzo ya nyuma, ya upande wa banda la nguruwe. Upande wake wa ndani."

"Nitauonaje, na pale pamebana?"

"Utalala chini."

Scola alilala chini. Alijiburuza kwa tumbo mvunguni mwa kihenge, nguo yake ya mnadani ikiokota kinyesi cha kuku, hadi pua yake ikakaribia nguzo. Hapo aliona mistari ya mkaa, imepangwa safu kwa safu kuanzia juu hadi karibu na ardhi. Safu ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja. Ya mwisho ilikuwa na kumi na sita.

"Mstari mmoja ni kijiko kimoja cha unga nilichozoa," mama alisema akiwa amesimama nje. Scola aliiona miguu yake tu. "Na safu ni Jumamosi. Nilianza Julai. Nilitaka nimwonyeshe baba yako, lakini mlikwishasema kwamba ghala limepimwa."

Aibu ilimchoma Scola, na pamoja na aibu ikamjia furaha, kwa sababu alikuwa amezisoma namba zile akaona zinavyokwenda. Unga uliongezeka maradufu kila wiki tatu. Dumuzi walikuwa wameanzia chini, kwenye mabaki ya mwaka jana yaliyonasa katika fito za sakafu, wakapanda taratibu. Wale wa juu, aliokuwa akiwahesabu kwa bidii, walikuwa watangulizi tu. Aliomba daftari, akanakili safu zote papo hapo, kifudifudi.

Jioni alimweleza baba yake.

"Lakini wewe ndiye uliyesema tusubiri," Zenon alisema.

"Nilisema, baba, nami nilikosea. Nilipima mdomo wa kihenge nikadhani nimepima kihenge. Kwa namba za mama, tukisubiri Krismasi hatutakuwa na mahindi. Tukianza kesho tutaokoa mengi."

Zenon alimtazama mkewe, akakohoa. "Basi tuanze kesho, mama Scola. Wewe ndiye utakayesimamia."

Walipukuchua siku tatu. Masanja alileta wanawe na magunia kwenye mkokoteni wake, akasema ng'ombe wake bado hawahesabiwi. Robo ya chini ilikuwa unga na maganda, ikawa riziki ya nguruwe. Robo tatu zilitiwa dawa, na watu saba wakala hadi mavuno.

Chuoni, siku ya kuitetea kazi yake, mtahini mmoja alifunua kurasa na kukunja uso.

"Ulifika nyumbani Agosti. Takwimu za Julai zimetoka wapi?"

"Zimekusanywa na Redempta, mama yangu, kwa kijiko na mkaa. Jina lake liko ukurasa wa kwanza."

"Nawe ulizipataje?"

"Kwa tumbo, mwalimu. Nililala mvunguni mwa kihenge."

Watahini walicheka, kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuuliza maswali ya maana. Scola alifaulu vizuri.

Alipeleka nakala nyumbani. Redempta aliligusa jina lake kwa kidole, halafu akaenda kuchukua ufagio kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Scola alimpokea ufagio huo, akapiga magoti kabla hajaambiwa, akaingia chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.