Kimya cha Kisimani

Kimya cha kisimani hakina chama. Msemo huu unasemwa sana kwetu Chilungule, hata na watu wasiojua kisima chenyewe kilikuwa wapi. Mimi najua kilikuwa wapi.

Wajukuu wangu waliusikia kwangu siku ya tatu baada ya matokeo ya uchaguzi uliopita. Mjomba wao Eliya, mwanangu wa kwanza, alikuwa amejitoa kwenye kundi la familia la simu baada ya kubishana na wenzake, na kwa siku mbili hakuwa amepokea simu ya mtu yeyote. Anaishi peke yake shambani, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

"Amenuna huyo," akasema Kedmoni, huku anacheka. "Chama chake kimepigwa chini. Mwacheni apoe."

"Akishikwa na njaa atapokea," akaongeza Zilpa, dada yake.

Nikawaambia kwamba kimya cha kisimani hakina chama. Kisha nikamtuma Yona, binamu yao, awashe pikipiki aende kwa mjomba wake, na asirudi mpaka awe ameisikia sauti yake. Pikipiki ilipokwisha kuondoka ndipo Zilpa aliponiuliza, "Bibi, huo msemo umetoka wapi?"

Niliwaeleza wakati tunamsubiri Yona. Chanzo chake ni hiki.

Mume wangu Mtwanzi na kaka yangu Hezroni walikuwa marafiki kabla mimi sijaingia kati yao. Walitahiriwa msimu mmoja, na wote wawili walifundishwa kuchimba visima na baba yangu. Mtwanzi aliponioa walianza kuitana shemeji kwa utani, na jina hilo halikuwatoka tena. Kwa miaka kumi na minane walichimba visima kumi na vinne. Mtwanzi alikuwa mfupi mwenye mabega mapana, hivyo yeye alichimba chini. Hezroni alikaa juu na kamba, akavuta ndoo ya udongo, akaimwaga, akaishusha tena.

Baba aliwaachia kanuni mbili. Kwanza, kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, ishushwe taa ya mafuta hadi chini kabisa. Ikizimika, hewa ni mbaya, na siku hiyo hakuna anayeingia. Pili, kila ndoo inaposhushwa, wa juu aite, "Upo?" na wa chini ajibu, "Nipo." Asipojibu, hakuna kungoja. Piga yowe watu waje, na papo hapo anza kupunga hewa kisimani kwa fungu la matawi lililofungwa kamba. Fungu hilo lilikaa ukingoni mwa kila kisima walichochimba. Sikuwahi kuona linatumika.

Ukaja mwaka wa kwanza wa kupiga kura kwa vyama vingi. Vyama viwili vilifika kijijini kwetu. Majina yake yalikuwa marefu, sisi tukaviita kwa alama zake: Taa na Ng'ombe. Vyote viwili vilituahidi kisima cha mashine. Hezroni akaingia Taa, Mtwanzi akaingia Ng'ombe.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Hezroni alikuja kwetu, nikamwekea chai ya maziwa, akaisukuma kando.

"Dada, nipe ya rangi. Mimi siungi mkono ng'ombe."

"Basi kunywa upesi," Mtwanzi akamjibu, "kabla jua halijazama. Humu ndani sitaki kuona taa."

Tulicheka wote watatu. Kwa wiki mbili kaka yangu alikunywa chai ya rangi nyumbani kwangu, na kila kikombe kilikuja na utani mpya.

Siku ya kura wote wawili walikuwa mawakala wa vyama vyao katika kituo kimoja, darasa la tatu la shule yetu. Taa ilishinda pale kwa kura kumi na moja. Karatasi ya matokeo ilipobandikwa mlangoni, Mtwanzi alimgeukia Hezroni mbele ya watu.

"Nilitoka kwenda chooni. Niliporudi sanduku lilikuwa limehamishwa. Wewe ulikuwepo ukanyamaza."

"Lilihamishwa kwa sababu jua lilikuwa linampiga karani, shemeji."

"Usiniite shemeji. Mwizi hana shemeji."

"Chunga mdomo wako, Mtwanzi. Watoto wa dada yangu wanakusikia."

"Wasikie! Na kuanzia leo usiniite kwa jina lolote. Ukiniita sitaitika."

Sanduku lilihamishwa, hilo ni kweli. Kama kura ziliguswa, sijui mpaka leo, na wote walioapa kwamba wanajua hawakuwa ndani ya chumba kile.

Wakati huo kisima cha kumi na tano kilikuwa kimefika pima tisa, na udongo uliokuwa ukipanda ulikuwa umeanza kuwa na unyevu. Kisima cha zamani kilikuwa kimebomoka. Wanawake tulikuwa tunatoka alfajiri kwenda kufukua maji katika mchanga wa mto na kurudi jua likiwa utosini. Kisima kikakaa siku sita bila kuguswa kwa sababu ya ugomvi wa watu wawili. Wengine kijijini hawakuijua kazi ile.

Mimi ndiye niliyewarudisha. Nilikwenda kwa kaka yangu, nikarudi kwa mume wangu, nikaenda tena kwa kaka yangu. Hezroni alikubali upesi. Mtwanzi alisema atachimba lakini hatamwitika Hezroni. Nikampa njia. Nikamwambia, "Basi usiseme neno. Ndoo ikijaa tikisa kamba, avute." Akakubali. Sikufikiri kwamba nilikuwa nimeifuta kanuni ya pili ya baba yangu. Mtikiso wa kamba ulisema kwamba ndoo imejaa. Haukusema lolote kuhusu muda ambao ndoo inajazwa, na kujaza ndoo ndiko kulikochukua muda.

Asubuhi ya kwanza Hezroni alikuja na taa. Mtwanzi hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Mwambie kaka yako mimi simulikiwi kwa alama ya chama chake."

"Hii ni taa ya baba," nikamwambia.

"Ilikuwa ya baba. Sasa imepigiwa kura."

Watu watatu wanne waliokuwa karibu wakacheka. Utani uleule wa kwenye chai sasa umekuwa sheria. Hezroni aliiweka taa chini bila kuiwasha. Kabla ya ugomvi walikuwa wamechimba kisima hicho siku kumi na moja, na kila asubuhi taa ilishuka ikawaka vizuri. Nikaona ni jambo dogo. Mtwanzi akashuka.

Siku mbili zilipita hivyo. Hezroni, kwa mazoea, alikuwa akishusha ndoo anaita, "Upo?" Chini kimya. Kisha baada ya muda kamba inatikisika. Kaka yangu aliniambia baadaye kwamba siku ya pili aliacha kuita.

Ya siku ya tatu nimeyapata kwa Hezroni mwenyewe, na sina sababu ya kutomwamini, maana hayampendezi. Ndoo ya nane ilishuka. Kamba haikutikisika. Akangoja. Akadhani Mtwanzi amekaa chini kwa makusudi, anamtega amwite ili apate raha ya kutomwitika. Akasokota sigara, akaivuta hadi mwisho akiwa amekipa kisima mgongo. Kisha akainama ukingoni akasema, "Nuna tu, bwana. Taa imeshinda." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia rafiki yake. Fungu la matawi lilikuwa karibu na mguu wake wa kushoto.

Nilifika na uji saa nne. Nikamkuta amekaa.

"Mbona ndoo haipandi?"

"Muulize mumeo. Amenuna huko chini."

"Tangu lini?"

"Tangu ndoo ya nane. Sigara moja hivi, na zaidi kidogo."

Niliweka uji chini. Nikaita, "Baba Eliya!" Mimi sikuwa na ugomvi naye. Mimi angeniitikia. Nikaita mara ya pili, ingawa kanuni inakataza kuita mara ya pili.

Nikaiwasha taa nikaishusha mwenyewe. Ilizimika kwenye pima ya saba.

Hezroni aliona ninachokiona. Alivua viatu akaikamata kamba. Nikakaa juu ya miguu yake.

"Niachie, Tabitha! Nishuke!"

"Taa imezimika."

"Ni mumeo yule!"

"Najua ni nani. Ukishuka mtakuwa wawili, na mimi siwezi kuvuta hata mmoja. Piga yowe. Shika matawi upunge."

"Atakufa!"

"Punga, Hezroni."

Alipiga yowe mpaka sauti ikakatika. Watu walikuja, wa Taa na wa Ng'ombe, wakapokezana kamba. Matawi yalipanda na kushuka, na kila baada ya muda nilishusha taa. Mara tatu ilizimika. Mara ya nne ilifika chini ikiwaka, na kwa mwanga wake nikamwona. Ilikuwa imepita kama saa moja tangu nifike. Hezroni akafungwa kamba, akashuka, akamfunga, tukawavuta mmoja baada ya mwingine.

Watu husimulia kwamba mkono wa Mtwanzi ulikutwa umeshika kamba, kwamba alikuwa anaomba msaada. Si kweli. Nilimuuliza Hezroni siku ileile. Mkono ulikuwa kwenye koleo, na ndoo ilikuwa nusu. Hakuwa amenuna, wala hakuwa anamtega mtu. Alikuwa anafanya kazi.

Mganga wa zahanati alisema kama angepungiwa hewa mapema huenda angepona, na huenda asingepona. Nilimtaka aseme moja. Alisema hawezi, na nikamheshimu kwa hilo.

Kesho yake, siku ya mazishi, watu wa Ng'ombe walikuja na bendera yao, wakaitandika juu ya jeneza. Walisema mwenzao ameuawa na Taa. Watu wa Taa wakajibu kwamba amekufa kwa ukaidi wake, kwa kuikataa taa. Vijana walikuwa na fimbo, na ua wa Hezroni ulikuwa ng'ambo ya uwanja tu. Yeye alikuwa amekaa chini karibu na jeneza, hajifichi.

Mjane kwetu hasemi mazishini. Nilisimama nikasema. Niliwaeleza kama ninavyoeleza sasa, kwa mpangilio. Mtwanzi alikataa taa. Hezroni aliacha kuita, na kamba ilipokaa kimya hakupunga. Mimi niliwapa njia ya kufanya kazi bila kusemezana. Nikawaambia kwamba kule chini kulikuwa na kimya tu, na kimya kile hakikuwa cha Taa wala cha Ng'ombe. Sisi wa huku juu ndio tuliokivika chama, kisha tukakaa tukingoja kivue. "Kimya cha kisimani hakina chama," nikasema. "Ondoeni bendera yenu kwenye jeneza la mume wangu."

Waliiondoa. Laiti ningeweza kusema kwamba yaliishia hapo. Wiki mbili baadaye ghala la uwele la Hezroni lilichomwa moto, na aliyelichoma hakujulikana. Akahamia upande wa mke wake, mbali. Kila mwaka alikuja mara moja, akakaa kwangu siku moja, akanywa chai ya rangi, akaondoka. Hakushika tena kamba ya kisima mpaka alipokufa. Kile cha kumi na tano kilifukiwa, na kisima cha mashine hatukukiona kutoka kwa yeyote. Wanawake tuliendelea kwenda mtoni kwa miaka tisa.

Lakini msemo ulibaki. Mtu wa Chilungule akisusa kikao, akiacha kuja kwenye shughuli, akinyamaza baada ya ugomvi wa siasa, kuna atakayesema, "Usiseme amenuna. Umemwona?"

Nilipofika hapo Kedmoni hakuwa anacheka. Alikuwa ameishika simu yake, anapiga, anasikiliza, anapiga tena. Zilpa alikuwa amesimama mlangoni anatazama njia. Mwishowe tukasikia pikipiki.

Yona aliingia na vumbi kichwani.

"Umeisikia sauti yake?" nikamuuliza kabla hajakaa.

"Nimeisikia, bibi. Amekataa kufungua mlango. Amesema dirishani kwamba hataki kuwaona watu wa nyumba hii mpaka atakapopenda mwenyewe. Mengine siwezi kuyarudia mbele yako, ni matusi."

"Alikuwa amesimama?"

"Amesimama. Ana nguvu, amenirushia na kikombe."

"Vizuri," nikasema. "Kumbe amenuna kweli."

"Si nilisema, bibi?" akasema Kedmoni, lakini kwa sauti ndogo.

"Ulisema ukiwa hujui. Sasa tunajua. Kesho utakwenda wewe, na keshokutwa atakwenda Zilpa."

"Na akitutukana?"

"Matusi ni jibu. Mtaniletea."

Zilpa alirudi akakaa. Akaurudia msemo polepole, neno moja moja, kama mtu anayepima kamba kabla ya kuishusha: kimya cha kisimani hakina chama.