Kiboko na Nyumba ya Ukoga

"Paukwa!"
"Pakawa!"
Hee, mmelala? "Paukwa!"
"Pakawaaa!"
Haya. Nasimulia, ila naona haya mwenzenu, msinitazame usoni.

Paliondokea Bi Chura, akajenga nyumba ya chupa. Chupa juu ya chupa, na kila chupa ina maji na ukoga, ule utando wa kijani wa bwawani. Jua likiwaka, ukoga unanona. Ukoga ukinona, kivuli kinakolea. Ndani baridiii, na watoto wake wenye ngozi laini hawakauki kiangazi. Majirani wakamcheka: "Nyumba gani hiyo, kama meno yasiyopigwa mswaki!" Bi Chura akaona aibu, akawa anapita njia za nyuma.

Siku moja akaja Kiboko, jitu la nguvu na tamaa, ngozi inampasuka kwa jua. Puu! Mlango chini.
"Tokeni! Nahamia mimi."
"Baba, wanangu watakauka!"
"Wakauke."

Bi Chura akatoka na wanawe, analia. Mara akasikia Kiboko anamwita mama mkwe wake aje aione nyumba mpya. Akafuta machozi, akarudi.
"Baba, mama mkwe aukute ukoga? Uso utauweka wapi?"
Kiboko akashtuka. "Lo! Nifanyeje?"
"Zisafishe chupa. Uchafu nitakubebea mimi."

Kiboko akachomoa chupa, akamwaga, mwaa! Akatia mchanga, akatikisa, chaka chaka! Akairudisha, akachomoa nyingine. Bi Chura akakinga maji yote mitungini, akawatia watoto humo, chubwi, chubwi! Ukuta ukang'aa, ungemwona hata nzi aliye ndani.

Jua likawaka, ukoga haupo. Ukoga haupo, kivuli hakipo. Nyumba ikachemka kama sufuria. Kiboko akavua shati. Joto! Akavua kikoi. Joto! Akavua... jamani, mengine siyasemi.

"Hodi!" Mama mkwe huyo, na mashangazi nyuma yake. "Hodi humu nda... Yarabi toba!" Akajifunika khanga uso mzima.

Kiboko akanyakua ungo. Mbele ukaziba, nyuma kukabaki wazi. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Akatimka, tifu tifu tifu, hadi mtoni, akazama kwa aibu, akabakiza pua tu. Mpaka leo yumo humo.

Bi Chura akamimina ukoga wake chupani, akaingia na wanawe.

Hadithi yangu imekoma hapo. Ikiwa tamu mgawane, ikiwa chungu mnyamaze. Na funzo lake, wanangu: mkitarajia wakwe, sugueni nyumba mpaka ing'are.