Pumzi Kumi na Tano za Mize

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema bali zamani yenye tarehe yake, Jumatatu ya tarehe 6 Februari mwaka 1989, mgeni mmoja alishuka katika kisiwa cha Fungurefu akiwa na mizigo sita. Nipeni masikio yenu, na mwisho mnipe hukumu, maana mimi nimeitafuta miaka mingi sijaipata.

Mgeni huyo aliitwa Anselmi Rwegoshora, mpima ardhi, mzaliwa wa Bukoba. Alikuwa amepata likizo ya siku kumi, na huko ng'ambo alikosomea alikuwa amejifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa. Alikuwa amesikia mambo mawili juu ya Fungurefu: kwamba mwezi wa Februari maji yake huwa maangavu hata ukaona samaki kivuli chake mchangani, na kwamba watu wake huzamia kwa desturi isiyopatikana kwingine. Yote mawili yalikuwa kweli.

Desturi yenyewe ndiyo hii. Mzamaji wa Fungurefu hufungwa kamba kiunoni, fundo likakaa mgongoni asipoweza kulifikia mwenyewe, na ncha ya pili ya kamba hushikwa na mtu wa damu yake aliyeketi mtumbwini. Mzamaji akibana pumzi majini, mshika kamba naye hubana pumzi mtumbwini. Pumzi ya mshika kamba ikiisha, huvuta, na huvuta mpaka kichwa kionekane. Tena mshika kamba akishanawa uso kwa maji ya bahari, hasemeshwi na mtu yeyote mpaka mzamaji arudi juu, asije akapoteza hesabu ya kifua chake.

Zamani mshika kamba aliruhusiwa kuuliza. Aliitikisa kamba, na mzamaji akajibu kwa kuitikisa. Lakini Jumanne ya tarehe 3 Desemba 1974, mzamaji hodari aitwaye Mcha bin Faki alizama penye shimo la Mlango wa Chewa, kina cha pima kumi na nane, na kamba yake ilishikwa na dada yake, Bi Mwanakombo. Bi Mwanakombo aliuliza, akajibiwa: ni salama. Aliuliza tena, akajibiwa: ni salama. Alipouliza mara ya tatu hakujibiwa, na alipomvuta ndugu yake, alivuta maiti. Tangu siku hiyo Bi Mwanakombo, aliyekuwa mtunza kamba wa kisiwa kizima, alipiga marufuku kuuliza. Aliwaambia washika kamba wote, "Aliye chini hudanganya kwa sababu hajui kwamba anakufa. Kamba isiulize. Kamba ivute."

Mcha aliacha watoto wawili, Shaame wa miaka kumi na miwili na Mize wa miaka saba. Shangazi yao aliwalea. Shaame akawa mzamaji, na Mize akawa mshika kamba wake, mwenye kifua ambacho kisiwani hakikuwa na mfano.

Sasa turudi kwa mgeni. Siku ya pili tu Bwana Anselmi na Shaame walikuwa marafiki. Mgeni alimfundisha Shaame kutumia mtungi katika maji ya kifuani, na watu walijaa ufukweni kucheka.

Bi Mwanakombo alisema kwa sauti ya kusikika, "Tazameni! Mwanangu kageuka samaki wa kopo."

Mgeni alimjibu kwa adabu, "Samaki wa kopo haozi upesi, Mama."

"Kweli haozi, mwanangu. Lakini umepata kumwona aliye hai?"

Watu walicheka, na mgeni akacheka kuliko wote. Hakukuwa na ubaya baina yao. Hili nataka mlikumbuke.

Kwa siku saba Shaame alijifunza, na kila siku mwalimu wake alimrudia maneno yale yale: "Mwenye kupumua hewa ya mtungi hapandi upesi. Panda polepole kuliko viputo vyako vidogo. Ukifika pima tatu kutoka juu, simama, usubiri, ndipo utoke. Ukipanda mbio, hewa iliyoingia katika damu yako itachemka kama soda iliyotikiswa, na itakuvunja." Shaame alisikia, na alielewa.

Siku ya mwisho ya likizo ilikuwa Jumatano, tarehe 15 Februari. Shaame alikuwa na ombi moja. Alitaka kushuka Mlango wa Chewa, akasimame pale alipofia baba yake, na asimame kwa muda ambao pumzi ya mwanadamu haiwezi kumpa. Mgeni alikubali. Shangazi naye alikubali, kwa sharti moja.

"Bila kamba hamwendi."

Mgeni alisema, "Mama, mwenye mtungi hahitaji kamba."

"Mtungi ni wako, mwanangu. Shaame ni wangu."

Mgeni aliinamisha kichwa. Alijiona ni mgeni, na akanyamaza.

Kabla ya kuondoka, Shaame alimwita dada yake kando. "Mize, leo usihesabu pumzi moja. Hesabu pumzi kumi na tano. Ikiisha ya kumi na tano, vuta."

Mize alishangaa. "Kumi na tano! Unakwenda kuposa huko chini, kaka?"

"Nikipata mchumba nitakuletea wifi mwenye magamba. Wewe hesabu tu."

Hakumwambia lolote juu ya kupanda polepole, wala juu ya kusimama pima tatu. Shangazi alikuwa hatua nne kutoka hapo akifunga kamba, na Shaame alijua kwamba akisikia habari ya mtu kuvunjwa na hewa, safari itakufa palepale. Alipiga hesabu kichwani: kwa kifua cha Mize, pumzi kumi na tano na vituo vyake ni zaidi ya nusu saa, na kabla ya muda huo yeye atakuwa ameshapanda, ameshasubiri, na ameshatoka. Kamba haitakuwa na kazi ya kuvuta.

Hesabu ilikuwa sahihi. Ila Mize alikuwa na mafua. Alikuwa nayo tangu Jumatatu, na alikuwa ameyaficha, kwa kuwa mshika kamba mwenye mafua hupumzishwa na nafasi yake hupewa mwingine wa damu hiyo. Mize hakutaka mtu mwingine amshikie kamba kaka yake mahali alipofia baba yao.

Basi walikwenda. Shangazi alifunga fundo mgongoni, akabaki ufukweni. Kule kwenye shimo Mize alinawa uso. Bwana Anselmi alimtazama, akafungua kinywa, akataka kumwambia, "Dada, leo vuta taratibu." Akakumbuka kwamba mshika kamba aliyenawa uso hasemeshwi. Akafunga kinywa. Wakazama.

Pumzi ya kwanza ya Mize ilikuwa fupi. Ya pili ikawa fupi zaidi. Ya tano ilikatwa na kikohozi. Ya kumi aliibana macho yakimtoka machozi, na ilidumu nusu tu ya ilivyozoea. Alijua kwamba ni fupi. Lakini alikuwa ameambiwa kumi na tano, na kila iliyopita ilimzidishia hofu, na hofu ilizidi kumfupishia pumzi. Ya kumi na tano ilipokatika, robo saa tu ilikuwa imepita, na kaka yake alikuwa bado chini kabisa, amesimama mchangani, mkono ameuweka juu ya jiwe.

Mize akavuta.

Shaame aliitikisa kamba: ni salama. Mize alihisi kutikisa kule, akakumbuka jibu alilolitoa baba yake, akavuta kwa nguvu zaidi. Shaame alipapasa mgongoni, fundo halikufikika. Bwana Anselmi alikuwa karibu naye, na alikuwa na kisu mguuni. Alikichomoa. Lakini alikuwa ameshaelezwa kwamba Fungurefu kamba ya mzamaji haikatwi ila siku ya mazishi yake, na kwa muda wa kupepesa macho mara mbili alisita. Alipoinua kisu, kamba na mwenye kamba walikuwa wameshapita juu ya kichwa chake.

Shaame alitoka majini akicheka, akamwambia dada yake, "Umening'oa kama mhogo!" Robo saa baadaye alisema miguu inamchoma. Walipofika ufukweni hakuwa na miguu ya kusimamia. Hospitali ya bara walimfikisha siku ya pili yake, wakaelezwa kwamba wamechelewa, na kwamba ataishi, lakini hatatembea.

Wasikilizaji wangu, Fungurefu ina desturi nyingine. Mzamaji akidhurika, kamba iliyomdhuru hukabidhiwa mtu mmoja aliyesababisha. Aliyekabidhiwa hatagusa bahari tena maisha yake yote, na atamhudumia aliyedhurika, kumwosha, kumlisha na kumbeba, mpaka mmoja wao afe. Kamba haigawanywi, na haikabidhiwi watu wawili.

Baraza liliketi Ijumaa, tarehe 17 Machi 1989, baada ya sala. Mwenye baraza alikuwa Mzee Vuai, na mimi nilikuwa karani wake. Shaame aliletwa juu ya kitanda cha kamba. Bwana Anselmi alikuwa amekwenda kwao, akaomba ruhusa kazini, akarudi, ingawa hakuna aliyemwita. Nilitayarisha karatasi ya mashtaka, kwa kudhani kwamba kila mmoja atamsukumia mwenzake. Karatasi ile ilibaki nyeupe.

Mize alisimama wa kwanza. "Kamba ni yangu. Nilikuwa mgonjwa nikaficha. Ningalisema, angalishika mwingine mwenye kifua kizima, na kaka yangu angalitoka kwa miguu yake. Nilitaka iwe mimi. Ikawa mimi."

Shangazi yake alimvuta nguo. "Keti, mtoto! Kamba ni yangu. Nani aliyesema kamba isiulize? Kaka yako alikujibu kwamba yu salama, na kweli alikuwa salama. Ni mimi niliyekufundisha kutomwamini. Nilimwogopa maiti wa mwaka wa sabini na nne, nikamvunja aliye hai. Wewe una miaka ishirini na miwili. Ukiiacha bahari utakuwa nani? Mimi nina sitini na minane, na bahari imeshanichoka."

Mzee Vuai alisema, "Bi Mwanakombo, utaweza kumwinua mwanamume mzima?"

"Nilimwinua akiwa mdogo."

"Siku hizi si mdogo. Na ukifa wewe kabla yake?"

Mgeni alisimama.

"Kamba ni yangu. Hewa ilikuwa yangu, na elimu yake ilikuwa yangu. Nilijua kwamba kamba na mtungi havipatani, nikanyamaza kwa adabu. Nilitaka kumwonya dada huyu, nikanyamaza kwa adabu. Nilikuwa na kisu mkononi, nikasita kwa adabu. Mara tatu niliheshimu desturi zenu, na sikuheshimu maisha ya rafiki yangu. Nitaacha kazi. Nitahamia hapa."

Sauti ya nyuma ilimtania, "Utakula pweza kila siku, bwana? Na ndizi zako atakula nani?" Wachache walicheka, kisha wakaona haya.

Mzee Vuai alimwambia, "Mwanangu, wewe bahari si yako. Kukuzuia usiiguse si kukuadhibu. Na asiye wa damu yake atamwosha vipi?"

"Nitajifunza, Mzee. Yeye alijifunza kwangu kwa siku saba."

Hapo Shaame alijiinua kwa kiwiko. "Mnaongea juu yangu kama nimeshazikwa. Kamba ni yangu mimi. Nilijua yote, na mtu pekee aliyepaswa kuyajua sikumwambia. Nilimpa dada yangu hesabu, sikumpa sababu. Nilimdanganya shangazi yangu kwa kunyamaza, kwa kuwa nilitaka kusimama pale. Nikasimama. Nilikaa na baba robo saa nzima. Nipeni kamba yangu, na watu hawa waende zao."

Mzee Vuai alisema kwa upole, "Ukijikabidhi mwenyewe, Shaame, hakuna atakayefungwa kukuhudumia. Utategemea huruma ya watu, na huruma huja leo isije kesho."

"Najua."

"Na dada yako ataendelea kushika kamba za jamaa zenu wengine."

"Ndiyo ninayoyataka."

Mize alipiga kelele, "Mimi siyataki! Siwezi kushika kamba ya mtu mwingine tena. Mnaninyima hata adhabu?"

Bi Mwanakombo alifunika uso kwa kanga. Mgeni alitazama chini. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Laiti mmoja tu angalikuwa mwovu, kazi ya baraza ingalikuwa nyepesi. Laiti mmoja tu katika wanne angalisema neno lake tarehe 15 Februari badala ya tarehe 17 Machi, baraza lisingaliketi kabisa.

Mzee Vuai aliichukua kamba iliyokuwa mbele yake, akaikunja mara tatu, akaitoa mbele ya watu. Mikono minne ikanyooshwa kuipokea: mkono wa Mize aliyeficha ugonjwa wake, mkono wa Bi Mwanakombo aliyeizuia kamba kuuliza, mkono wa Anselmi aliyenyamaza kwa adabu, na mkono wa Shaame, kutoka kitandani, aliyempa dada yake hesabu bila sababu.

Mnaonisikiliza, mikono ilikuwa minne na kamba moja. Nimewaeleza alilojua kila mmoja, alilonyamazia, na atakalopoteza. Je, nani alistahili kukabidhiwa?